Kipimo cha fosfati kisiishie maabara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowahusu wakulima wa Mtwara na wa Taifa zima, nalo ni namna udongo wetu unavyopimwa chakula cha mimea kiitwacho fosfati.

Wito unaosikika siku hizi katika mikutano ya vijiji na katika redio ni kwamba mkulima apime udongo kabla ya kununua mbolea. Wito huo ni mzuri na mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 2022 Serikali iliwagawia maafisa ugani pikipiki na vifaa vya kupimia udongo, na katika msimu wa 2022/2023 ilianza mpango wa mbolea ya ruzuku. Hayo ni mambo ya kushukuru. Kwa hiyo sibishani na upimaji hata kidogo. Ninachodai ni hiki: mkulima akipewa karatasi yenye tarakimu ya fosfati, aambiwe tarakimu hiyo imepatikana kwa dawa gani, na iwe imethibitishwa katika mashamba yenye udongo kama wake.

Sisi watu wa korosho tunaielewa haraka hoja ya namna hii. Tunawajua walanguzi wa kangomba, ambao hununua korosho kwa kipimo kisicho rasmi na kumwacha mkulima hana ushahidi wowote. Ndiyo sababu mwaka 2007, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani kwetu, mkulima aliandikiwa uzito na daraja la korosho zake. Karatasi ya udongo nayo ni stakabadhi. Ikiandika "fosfati 6" na kunyamaza, basi ni kangomba ya kitaalamu.

Nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Fosfati iliyomo ardhini ni nyingi kuliko ile ambayo mmea unaweza kuila. Sehemu kubwa imefungwa. Nyingine imeshikwa na kutu ya chuma na madini ya aluminiamu, nyingine imeshikwa na chokaa, nyingine imo katika mabaki ya majani na mizizi iliyooza. Ile iliyoyeyuka katika maji ya udongo, ambayo mzizi unaweza kuinywa leo, ni kidogo mno, na kila inaponywewa hutakiwa nyingine ifunguliwe kujaza pengo. Kwa hiyo swali la mkulima si kwamba "kuna fosfati kiasi gani ardhini?" Swali lake ni "kuna kiasi gani ambacho mahindi yangu au karanga zangu zitakipata msimu huu?" Hayo ni maswali mawili tofauti, kama vile fedha iliyoko benki na fedha iliyoko mfukoni ni mambo mawili tofauti.

Maabara hujaribu kulijibu swali la pili kwa kuuosha udongo kidogo kwa dawa, kuuchuja, kisha kutia kemikali inayogeuza maji yale kuwa ya buluu. Buluu ikikolea, fosfati ni nyingi. Ikififia, ni haba. Kazi hiyo ni nzuri, lakini jibu hutegemea dawa iliyooshea. Mwaka 1945 Bray na Kurtz wa Illinois, Marekani, walitoa dawa ya tindikali hafifu pamoja na chumvi ya floraidi, ambayo huibana aluminiamu ili iachie fosfati. Mwaka 1954 Olsen na wenzake walitoa dawa nyingine, ambayo msingi wake ni soda ile ile inayouzwa madukani kwa kuokea keki, nayo hufaa zaidi katika udongo wenye chokaa. Mehlich, ambaye katika miaka ya 1960 alifanya kazi katika maabara za kilimo za Nairobi, alikuwa na dawa zake za tindikali, na ile inayotumika sana leo duniani aliitoa mwaka 1984. Huko São Paulo, Brazil, tangu miaka ya 1980 wanatumia chembe ndogo za resini ambazo huivuta fosfati polepole, kwa namna inayokaribia ufanyaji kazi wa mzizi.

Kila dawa ina tarakimu zake. Katika jedwali linalotumiwa sana na wataalamu wetu, fosforasi iliyopimwa kwa dawa ya Bray huhesabiwa kuwa ndogo ikiwa chini ya miligramu 7 kwa kilo ya udongo, na kubwa ikizidi 20. Kwa dawa ya Olsen, huhesabiwa kuwa ndogo ikiwa chini ya 5, na kubwa ikizidi 15. Sasa mkulima aliyeandikiwa 6 afanye nini? Kama ni Bray, shamba lake lina njaa. Kama ni Olsen, lina hali ya kati. Aliyeandikiwa 18 kwa Olsen anaweza kuacha kununua mbolea ya fosfati msimu huu. Aliyeandikiwa 18 kwa Bray bado hajafika huko. Tarakimu ni moja na ushauri ni tofauti, na tofauti hiyo ni fedha inayotoka katika mfuko wa mkulima.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu Mtwara, kwa sababu mkoa wetu hauna udongo wa aina moja. Kandokando ya pwani kuna ardhi iliyotokana na mawe ya matumbawe, yenye chokaa. Ukiiosha ardhi hiyo kwa dawa ya Bray, chokaa huiua tindikali kabla haijafanya kazi, na tarakimu hutoka ndogo kwa uongo. Ukipanda kwenda uwanda wa Makonde, unakuta mchanga mwingi na uchachu, na huko dawa ya Bray hufaa. Ukienda upande wa Masasi utakuta udongo mwekundu wenye mfinyanzi na kutu ya chuma, ambao huimeza mbolea. Ukiteremka bonde la Ruvuma, kwenye mashamba ya mpunga, hali hugeuka tena: udongo ukikaa chini ya maji kwa wiki kadhaa, chuma hubadilika na kuachia fosfati iliyokuwa imeishika. Sampuli ya udongo huo ikikaushwa, ikasagwa na kupimwa ikiwa kavu, haielezi mambo yatakavyokuwa mpunga ukisimama majini. Mikoa mingine ingeweza kuvumilia kipimo kimoja, lakini hapa kwetu kipimo kimoja kwa wote ni dhuluma bila kukusudia.

Tena kuna suala la salfa. Tangu ugonjwa wa ubwiri unga uanze kuishambulia mikorosho yetu, tumepuliza salfa ya unga miaka nenda miaka rudi, na bila salfa hiyo zao la korosho lingekufa. Lakini salfa inayoanguka chini hugeuzwa na vijidudu vya ardhini kuwa tindikali. Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya salfa ikishageuka yote huhitaji chokaa kilo 3 hivi ili kuituliza. Tafiti zilizofanywa katika udongo wa mikorosho kusini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1997 na 2001 zilionya kwamba udongo wa kichanga hauna nguvu ya kuuzuia uchachu huo. Uchachu ukizidi, aluminiamu huyeyuka, hudumaza mizizi na kuishika fosfati. Kwa hiyo mkulima anayepanda karanga au njugu mawe kati ya mikorosho anaweza kuona mimea yake imedumaa, akaambiwa anunue mbolea ya fosfati, kumbe dawa ya kwanza ingekuwa chokaa. Karatasi inayotaja fosfati bila kutaja pH ni nusu ya habari.

Sasa nije kwenye mimea yenyewe, maana tunasema "fosfati inayopatikana kwa mimea" kana kwamba mimea yote ina mdomo mmoja. Muhogo hushirikiana na kuvu wa mizizini ambao nyuzi zao huenda mbali kuutafutia fosfati, ndiyo maana husimama katika ardhi ambayo mahindi hushindwa. Mbaazi nazo zina ufundi wao: watafiti waliofanya kazi India walichapisha mwaka 1990 kwamba mizizi ya mbaazi hutoa tindikali inayoifungua fosfati iliyoshikwa na chuma. Wazee wetu waliochanganya mbaazi na mtama hawakuwa wajinga. Mkorosho hupeleka mizizi chini sana, na sampuli ya sentimita 20 za juu haijui kinacholiwa huko. Chupa ya maabara haiwezi kujua ni nani atakayepandwa. Shamba ndilo linalojua.

Na hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Mipaka ile ya 7 na 20, au ya 5 na 15, haikushuka kutoka mbinguni. Ilipatikana kwa watu kupanda vishamba vidogo, kimoja bila fosfati, kingine kwa kiasi kidogo, kingine kwa kiasi kikubwa, kisha kupima mavuno na kuyalinganisha na tarakimu za maabara, udongo mmoja baada ya mwingine. Tarakimu ambayo haijapitia kazi hiyo katika udongo wa mahali husika ni dokezo tu. Haijawa ushauri. Kuuazima mpaka wa nchi nyingine na kuutumia katika mchanga wa Tandahimba ni sawa na kuvaa kanzu ya mtu mwingine kwa sababu tu ni kanzu.

Yatupasa tukumbuke kwamba mikoa ya kusini iliwahi kulipia gharama ya watu kutouliza udongo. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulizunguka Tanganyika kwa muda wa wiki 9 tu, ukapendekeza kilimo kikubwa cha karanga cha ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza mwaka 1947 Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Huko Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na karanga zikakataa kung'oka. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na paundi milioni 36 hivi zikawa zimepotea. Bandari yetu ya Mtwara ni ukumbusho wa mpango huo; reli iliyojengwa kwenda Nachingwea iling'olewa. Wale walikuwa na matrekta, wataalamu na fedha. Walichokosa ni subira ya kuiuliza ardhi kabla ya kuiamrisha.

Watakuwapo wasomaji watakaosema kwamba vifaa vipya vya mkononi vimemaliza matatizo haya, kwa kuwa vinasoma udongo kwa mwanga na kutoa jibu papo hapo. Vifaa hivyo vina faida yake. Husoma vizuri wingi wa mboji na wa mfinyanzi, kwa sababu vitu hivyo vina alama yake katika mwanga. Lakini fosfati inayopatikana kwa mimea ni chache mno na haina alama yake yenyewe katika mwanga huo. Kifaa huikisia kwa kulinganisha na sampuli zilizopimwa zamani maabara. Kama miongoni mwa sampuli hizo hakuna za Newala wala Nanyumbu, kisio lake ni dhaifu. Bwana shamba na bibi shamba wana haki ya kuelezwa hivyo, ili wasije wakabeba lawama ya kosa ambalo si lao.

Wengine watasema kazi ya vishamba vya majaribio ni ghali na huchukua miaka. Ni kweli huchukua miaka, walau misimu mitatu, kwa sababu mvua hazilingani. Lakini tupige hesabu. Ekari moja ya udongo, kwa kina cha sentimita 20, ina uzito wa kilo milioni 1 hivi. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una fosforasi halisi kilo 10. Ukiuchanganya wote katika ekari hiyo, unaongeza miligramu 10 kwa kila kilo ya udongo. Katika mchanga, nyongeza hiyo huonekana. Katika udongo mwekundu wenye chuma, sehemu kubwa humezwa. Kwa hiyo wakulima wawili wenye tarakimu moja wanaweza kununua mfuko mmoja mmoja, mmoja akafaidi na mwingine akazika fedha yake. Zidisha hasara hiyo kwa wakulima wote wa mkoa, kila msimu, tena kwa mbolea ambayo Taifa limeilipia ruzuku. Ndipo utaona kipi ni ghali.

Hesabu hiyo inanikumbusha jambo dogo ambalo huwapotosha wengi. Mfuko wa mbolea huandika fosfati kwa kipimo cha P2O5, na karatasi ya maabara huandika fosforasi tupu. Ili kupata fosforasi tupu, zidisha tarakimu ya mfuko kwa 0.44. DAP yenye asilimia 46 ina fosforasi tupu asilimia 20 tu. Jambo hilo laweza kuandikwa katika mstari mmoja chini ya kila karatasi ya udongo.

Vilevile tunayo mbolea ya mawe ya Minjingu, kutoka Wilaya ya Babati karibu na Ziwa Manyara, ambako uchimbaji ulianza mwaka 1983. Mawe hayo ya fosfati huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wenye uchachu, na udongo wa namna hiyo tunao. Lakini shamba lililotiwa unga wa Minjingu likipimwa kwa dawa ya tindikali kali, dawa huyeyusha chembe ambazo mmea haujaziyeyusha, na karatasi ikaonyesha utajiri ambao haupo. Hapo napo jina la dawa ni lazima lijulikane, na historia ya shamba pia.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, kila karatasi ya matokeo ya udongo inayotolewa kwa mkulima, iwe ya maabara ya Serikali au ya watu binafsi, itaje kwa Kiswahili: jina la dawa iliyotumika, pH ya udongo, kina cha sampuli, na mpaka wa chini na wa juu unaotumika kwa dawa hiyo. Nafasi inayotakiwa ni ya mistari minne.

Pili, kituo chetu cha utafiti cha TARI Naliendele, kikishirikiana na wenzao wa TARI Mlingano mkoani Tanga, ambao kazi yao ni udongo, pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wapewe fungu la kuendesha vishamba vya fosfati katika kila aina kubwa ya udongo wa mikoa ya kusini: pwani ya matumbawe, mchanga wa uwanda wa Makonde, udongo mwekundu, na mabonde ya mpunga. Naliendele wamelihudumia Taifa kwa mbegu za korosho, karanga na ufuta. Wataalamu tunao, tuwape kazi hii.

Tatu, vyama vyetu vya msingi vya ushirika vitoe maeneo ya vishamba hivyo vijijini, ili wakulima wayaone matokeo kwa macho yao na kuyahesabu kwa pishi zao. Jaribio lililofanyika nyuma ya uzio wa kituo husomwa na wachache. Lililofanyika kando ya njia ya kwenda mnadani husomwa na kijiji kizima.

Nne, matokeo hayo yatolewe kwa Kiswahili na yabandikwe katika ofisi za vijiji. Mali bila daftari hupotea bila habari, na rutuba ya ardhi ni mali.

Nasi wakulima tuna wajibu wetu. Sampuli ya udongo isichukuliwe mahali pamoja kwa sababu ni karibu na nyumba. Tuzunguke shamba, tuchote sehemu 15 au zaidi kwa kina kilekile, tuchanganye katika ndoo safi, na wala si katika mfuko uliokuwa na mbolea. Katika mashamba ya korosho, udongo wa chini ya mti, ambako salfa huanguka, uwekwe mbali na udongo wa katikati ya mistari. Hizo ni sampuli mbili. Tumweleze mpimaji tulipanda nini mwaka jana na tulitia nini. Kisha, tukipewa karatasi, tusione haya kuuliza: hii imepimwa kwa dawa gani, na mpaka wake ulithibitishwa wapi? Mtaalamu wa kweli hafurahii kitu kama swali hilo.

Mwaka 1972 huko Iringa Taifa letu lilitangaza kwamba siasa ni kilimo. Mengi yamebadilika tangu hapo, lakini mkulima wa Kitaya na wa Tandahimba bado anategemea sentimita 20 za udongo kulisha watoto wake. Anapoitwa kupima, anaitika. Basi apewe jibu linaloweza kumlisha.

Wako katika kuijenga nchi,

MKULIMA WA KOROSHO NA KARANGA,
Mtwara.